Sheria ya Barakoa na Harusi ya Tufani wa Tatu

Jumanne, tarehe tisa Mei, mwaka wa kumi na saba wa Maendeleo Yasiyorudi Nyuma. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu na upepo wa kuvua watu kofia. Redio ya Taifa ya Mbwembweni ilitangaza jua kali, na kwa kuwa sisi Wambwembweni ni raia watiifu, wengi wetu tulitoka na miwani ya jua, tukawa tunagongana barabarani na kuombana radhi.

Bi. Perusi, fundi cherehani wa mtaa wa Kivulini, hakuvaa miwani. Alikuwa barazani kwake ameinamia cherehani, akipiga pindo la mwisho la suruali ya kijivu. Suti nzima ilikuwa imemchukua wiki sita, kwa maana mwenye kushonewa alikuwa na mabega ambayo tepu moja ya kupimia haikuyazunguka. Ilibidi aunge mbili. Mwenye mabega hayo alikuwa mchumba wake, Yoramu. Nchi nzima ilimjua kwa jina la ulingoni, Tufani wa Tatu, bingwa wa mieleka ya kulipwa kwa miaka tisa mfululizo. Tufani wa Kwanza na wa Pili walikuwa wameshastaafu, wanafuga kuku.

Ulingoni Yoramu alinguruma mpaka watoto wakajificha chini ya viti. Nje ya ulingo alisema polepole kiasi kwamba wenye maduka walimwomba arudie. Walijuana siku alipomletea Perusi joho lake lililochanika. Perusi aligusa manyoya ya begani akauliza ni ya ndege gani.

"Ya jogoo, mama," Yoramu alijibu. "Yamepakwa rangi yafanane na ya tausi."

Perusi, au Mama Sifa kama mtaa ulivyomwita kwa jina la mwanawe, alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na alikuwa ameshasikia uongo wa kila rangi. Jibu lile lilimkaa moyoni. Mwaka haukuisha, tangazo lao la ndoa likaanza kusomwa kanisani, na Jumapili iliyopita lilikuwa limesomwa mara ya tatu.

Saa mbili na robo redio ilikatiza kwaya, jambo linalofanyika tu mtu mkubwa anapofariki au anapotaka kusema. Safari hii alitaka kusema. Alikuwa ni Waziri wa Michezo, Heshima na Mengineyo, Mheshimiwa Dakta Kandidi Mavumba.

"Ndugu wananchi," alisema, "chui ana madoa. Moto una moshi. Hata chupa ya sumu ya panya ina picha ya fuvu, ili mtu asije akainywa akidhani ni sharubati. Iweje basi mwanamieleka, aliye hatari kuliko hivyo vyote, atembee mitaani na shati la mikono mirefu kama karani? Kuanzia leo, kila mwanamieleka wa kulipwa atavaa vazi lake la ulingoni popote alipo: sokoni, hospitalini, katika nyumba za ibada, na kitandani. Barakoa, joho, bukta, mkanda na viatu. Uso wa mwanamieleka sasa ni siri ya taifa. Sheria hii nimeiandika mwenyewe, na haina tundu hata la kupitisha sindano."

Perusi aliitazama sindano ya cherehani yake. Akaitazama suruali ya kijivu. Kisha akazima redio, kwa adabu.

*

Watu wabaya, ambao hata nchi yetu haikosi, walisema sheria ile ilizaliwa buchani. Walisema wiki mbili kabla yake Mheshimiwa aliingia kununua maini, akakuta foleni. Kwa kuwa foleni haikuwa sehemu ya majukumu yake, alimsukuma mtu wa mbele na kumwambia, "Wewe, sogea, unaziba hewa."

Yule mtu alisema, "Samahani, mzee," akasogea.

Hapo ndipo mwenye bucha alipomnong'oneza Mheshimiwa kwamba aliyesukumwa ni Tufani wa Tatu. Mheshimiwa aliyaacha maini juu ya mizani, akaenda nyumbani, akaugua homa siku tatu. Siku ya nne aliamka na muswada. Bunge liliupitisha kwa dakika sita, zikiwemo mbili za kusimama kumkumbuka mbunge ambaye baadaye ilionekana alikuwa amekwenda msalani.

Yoramu ni mtu wa kutii. Alhamisi alifika kwa Perusi akiwa na vazi kamili: barakoa ya zambarau yenye radi ya dhahabu usoni, joho la manyoya, bukta ya kumeremeta, mkanda wa shaba mpana kama sinia, na viatu vya kamba hadi magotini.

"Mama Sifa," alisema, sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, "naomba maji."

"Utayanywaje?"

"Kwa mrija. Wizara imetupa mmoja mmoja."

Perusi alimletea maji, akamsikiliza akiyavuta, na hakujua acheke au alie. Basi akachagua kucheka, na Yoramu akacheka naye, ingawa ilibidi amwamini tu kwamba anacheka.

Wiki zilizofuata zilionyesha hekima ya sheria. Pale posta, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kwa utulivu barua ya mjukuu wake alimwona Tufani akiingia na joho, damu ikamchemka, akamvamia kwa mwavuli. Watu waliacha foleni wakafanya duara. Karani wa stempu akaanza kuhesabu. Yoramu, kwa kuheshimu umri wa yule mzee, alilala chali mpaka tatu. Mzee alibebwa juu juu hadi kwake, na mpaka leo anaitwa Bingwa wa Posta. Pale zahanati, muuguzi alikataa kumpima shinikizo la damu kabla hajapewa maelekezo kutoka juu. Katika mazishi ya jirani, wafiwa walipoona manyoya yanaingia waliacha kulia wakapiga makofi. Walipokumbuka walipo waliendelea kulia, lakini kilio hakikurudi sawasawa.

Tena lilizuka jambo ambalo Wizara haikulitarajia. Watu walikuwa wakiipisha barakoa. Waliipa kiti, waliifungulia mlango, waliichagulia papai lililoiva vizuri. Maafisa wa Wizara waliona, na kwa moyo wa kujitolea wakaomba nao wapewe barakoa ili wawe mfano kwa wananchi. Mheshimiwa alichukua ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, yenye jua na miale kumi na miwili.

*

Mchungaji Eliakimu alimwita Perusi baada ya ibada ya katikati ya wiki, akafunga mlango wa ofisi.

Kanisa la Kivulini lina desturi yake. Kabla ya ahadi za ndoa, mzee wa kanisa husimama mbele ya bwana na bibi harusi na kumuuliza kila mmoja, "Unamtambua huyu?" Mtu hutakiwa amtazame mwenzake usoni, kwa nafasi, kisha ajibu. Ilianza zamani, baada ya bwana harusi mmoja kubanwa na zamu ya kazini akamtuma mdogo wake amshikie nafasi. Mdogo mtu alikuwa na haya, akaitikia kila alichoulizwa, na familia ile haijatulia hadi leo.

"Bi. Perusi," Mchungaji alisema, "mimi siwezi kumruhusu mzee akuulize kama unamtambua mwenzako na wewe unatazama kitambaa chenye radi."

"Hiyo radi nimeishona mimi, Baba Mchungaji."

"Basi utakuwa unaitambua radi."

Perusi hakubisha, kwa sababu moyoni alikuwa upande wake. Marehemu mume wake wa kwanza alikuwa mtu mwema, ila siku ya harusi alitoa ahadi zake akiwa anatazama dirishani, na kwa miaka kumi na tisa aliendelea kutazama dirishani. Perusi alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu kama angeolewa tena: aahidiwe na uso uliomgeukia.

"Na muda, Baba Mchungaji?"

"Harusi zetu ni Jumamosi. Tangazo likipita siku thelathini bila ndoa, linafutwa, na kwa utaratibu wa dayosisi mnasubiri mwaka mzima ndipo lisomwe upya. Jumamosi yenu ya mwisho ni tarehe tatu Juni."

Mwaka mzima. Binti mwenye miaka ishirini anaweza kuuweka mwaka kando kama nguo ya akiba. Perusi alihesabu miaka yake na ya Yoramu, aliyekuwa na hamsini na mitano na goti lililokuwa likipiga kelele akipanda ngazi, akaona hana mwaka wa kuweka kando.

Yoramu alijitolea kuacha mieleka. Wizara ilimjibu kwamba mwanamieleka hastaafu mpaka kamati ithibitishe amekwisha nguvu, na kamati hukutana mara moja kwa mwaka na humpima mtu kwa kumtaka ainue meza ya kamati, kamati ikiwa juu yake.

Ikabaki kuomba kibali.

*

Ofisi ya Mavazi ya Ulingoni ilikuwa na foleni ndefu na afisa mmoja, Bwana Tindwa, Afisa Mwandamizi Daraja la Pili. Alikuwa amevaa barakoa ya kijani, na juu ya barakoa alikuwa amevaa miwani ya kusomea.

"Shikamoo, afisa," Perusi alisema, ingawa kwa shingo yake alionekana kijana. Kwenye ofisi ya serikali ni heri mtu azidishe.

"Marahaba, mama. Shida?"

"Tunaomba kibali cha kufungua uso. Kwa ajili ya ndoa. Dakika chache tu."

Bwana Tindwa alivuta fomu. "Jina la uso?"

"Yoramu."

"Hilo ni jina la mtu. Sisi hapa tunasajili barakoa. Barakoa yake ninayo, namba kumi na saba, radi moja. Uso wake haujasajiliwa."

"Basi usajili," Yoramu alisema.

"Nausajilije bila kuuona?"

"Nivue uuone?"

"Ukivua unavunja sheria mbele yangu, ninakukamata. Na ukishavua, nitajuaje kuwa wewe ndiye uliyekuwa umevaa?" Aliweka kalamu chini kwa huruma. "Unaona ugumu wa kazi yetu, mzee wangu. Kinachotakiwa ni shahidi anayeujua uso."

"Mimi naujua," Perusi alisema.

"Vizuri sana. Umeuona lini mara ya mwisho?"

"Juzi, alipokuwa anakula."

Kalamu ilirudi mkononi. "Sheria ina wiki mbili, mama. Juzi iko ndani ya wiki mbili. Unakiri kuona siri ya taifa?"

Perusi alijirekebisha haraka. "Nimekosea siku, afisa. Ni zamani."

"Zamani haifai. Shahidi awe ameuona uso katika siku saba zilizopita." Akasoma tena fomu yake, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. "Imeandikwa vizuri sana hii. Yaacheni maombi hapa, yatapitiwa. Wiki kumi na nne."

Walipotoka, Yoramu alikaa kwenye ngazi za ofisi. Mtoto mmoja alimpita akamwambia mama yake kwamba Tufani amepigwa. Yoramu aliangalia viatu vyake vya kamba.

"Mama Sifa, ukitaka tuache, sitakulaumu."

"Nani amesema tuache?"

"Sijasikia mtu akisema. Nasema mimi, kabla hujasema wewe."

"Basi usinisemee," Perusi alisema. "Simama, goti lako litashika baridi."

Usiku alisali. Aliwaombea wenye mamlaka kwa majina, kama Maandiko yanavyotaka. Alimwombea Waziri vilevile, ingawa alimwombea kwa kifupi.

*

Kila jioni saa kumi na moja Perusi alikwenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi ya Kivulini, akakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu. Alikuwa ameanza miaka miwili iliyopita kwa sababu alitaka kusoma Zaburi kwa macho yake, bila kusubiri mtu amsomee. Sasa alikuwa anasoma. Alisoma polepole, kidole kikitangulia, na hakuruka neno hata moja, kwa kuwa hakujua bado ni maneno gani watu walioelimika huyaruka.

Wiki ya mwisho ya Mei, Mwalimu Skolastika aliwaagiza waje na karatasi yoyote iliyochapwa, kila mtu asome kwa sauti. Perusi alikumbuka akiwa njiani. Akanunua karanga kwa mama wa kona, akazila, akabaki na karatasi.

Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, yenye nembo ya taifa. Wauza karanga wote wa mjini walikuwa nazo mwezi ule. Wabunge mia tatu walikuwa wamepewa kila mmoja nakala yake ya sheria mpya, na nakala mia tatu zilikuwa zimetoka bungeni zikiwa bado zimefungwa kamba.

Perusi alisimama, akaweka kidole.

"Kila. Mwanamieleka. Wa kulipwa. Atavaa. Vazi. La ulingoni. Wakati. Wowote. Ambao. Hashindani." Kidole kikasimama.

"Endelea, Bi. Perusi," Mwalimu alisema.

"Nimefika mwisho, mwalimu. Chini kuna sahihi ya Mheshimiwa."

"Umesoma vizuri. Kaa."

Perusi hakukaa. Alirudisha kidole mwanzo, akasoma yote tena, kwa midomo tu. Nyuma yake alikaa Mzee Chubwa, mlinzi wa benki, ambaye alikuwa amefika kwenye herufi ya M na hakuwa na haraka.

"Mwalimu," Perusi alisema, "na akiwa anashindana avae nini?"

Mwalimu Skolastika alichukua karatasi. Akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa na mafuta ya karanga tu. "Haijasema," alisema. "Nadhani aliyeandika alichukulia kwamba linajulikana."

"Kama haijasema," Mzee Chubwa alisema, "akishindana anaweza kuvaa hata kanzu."

"Au suti," Perusi alisema, na ndipo akakaa.

*

Wakati huohuo, kwa rehema za Mungu zisizochunguzika, Mheshimiwa alikuwa ameivaa barakoa yake muda wa kutosha kuanza kuiamini. Alijitangaza Bingwa wa Heshima wa Taifa. Akatangaza pia kwamba Jumamosi, tarehe tatu Juni, saa nane mchana, Uwanja wa Taifa, atapambana na Tufani wa Tatu.

Msomaji asishtuke. Mieleka ya kulipwa ina utaratibu wake, nao huuita mpango: washindani hupatana kabla nani atashinda na dakika ya ngapi, ila anayeangushwa anaanguka kweli na anayeumia anaumia kweli. Mpango wa pambano hili ulimfikia Yoramu ukiwa na mihuri mitatu. *Dakika ya tano Mheshimiwa atamwangusha Tufani wa Tatu. Tufani atalala chali. Mwamuzi atahesabu moja, mbili, tatu. Wananchi watashangilia kwa hiari.*

Perusi aliusoma wote, mihuri ikiwemo. Kisha akauliza, "Mpaka mwamuzi aseme tatu, wewe unashindana?"

"Ndiyo. Mabega yote mawili yakigusa chini mpaka tatu, basi nimeshindwa. Nikiinua bega moja kabla, anaanza upya."

"Na akisema tatu?"

"Imekwisha. Navaa barakoa."

"Basi Mungu ametupa nafasi kati ya mbili na tatu."

Yoramu alimtazama kupitia matundu ya barakoa. "Mama Sifa, hiyo ni nafasi ndogo."

"Ni kubwa kuliko wiki kumi na nne."

Kazi ilikuwa kwa Mchungaji. Alisema ulingo si madhabahu. Perusi alimuuliza kama si yeye aliyefundisha kwamba kanisa ni watu, maana uwanjani wangekuwepo watu elfu sita. Mchungaji alitazama dari.

"Ibada fupi kabisa ni dakika ngapi, Baba Mchungaji?"

"Arobaini. Bila kwaya."

"Na kutambuana na ahadi tu?"

"Nne," alisema. Akafikiri kidogo. "Nikikohoa, tano."

*

Uwanja ulijaa. Mheshimiwa alipanda ulingoni akishangiliwa kwa hiari, jua la kwenye barakoa yake likiwaka, tumbo lake likiwa limefungwa kwa mkanda mpya ambao ulihitaji watu wawili kuufunga. Tufani alipanda amefunikwa joho mpaka miguuni. Kengele ikalia.

Tufani akavua joho. Ndani alikuwa na suti ya kijivu. Akavua barakoa.

Watu elfu sita walinyoosha shingo. Walikuwa wametegemea uso wa kutisha, nao wakaona uso wa mtu ambaye ungeweza kumwazima ngazi. Masikio yalikuwa yamebabatana kwa miaka ya kukabwa, na nyusi moja ilikatwa na kovu. Alikuwa anatafuta mtu kati ya watazamaji, na alipompata akatabasamu.

Bwana Tindwa alirukia kamba. "Vazi," alisema. "Siri ya taifa. Simamisha."

Hapo Perusi alisimama karibu na meza ya mtangazaji, amevaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe, akaomba kipaza sauti, na mtangazaji, aliyelelewa vizuri, akampa. Alifungua karatasi yenye mafuta ya karanga. Akaweka kidole.

"Kila. Mwanamieleka. Wa kulipwa."

Alisoma yote. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika *hashindani* kicheko kikaanza majukwaa ya nyuma, kikashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini.

Bwana Tindwa alimgeukia Waziri. "Mheshimiwa, kuna tundu."

"Hakuna tundu," Mheshimiwa alisema kwa ukali. "Nilisema redioni hakuna. Endeleeni."

Wakaendelea. Yoramu alikuwa mtu wa mpango. Dakika ya kwanza alisukumwa, ya pili akavutwa, ya tatu Mheshimiwa alichoka, ikabidi Yoramu amshike asianguke na wakati huohuo aonekane anabanwa kabari. Dakika ya tano alijiangusha kwa kishindo, chali, akiikunja suti vizuri chini yake. Mheshimiwa akamlalia juu.

"Moja," mwamuzi alisema. "Mbili."

Bega la kushoto likainuka.

Mchungaji Eliakimu alipita katikati ya kamba, Biblia kwapani, nyuma yake mzee wa kanisa, nyuma yao Perusi. Wakapiga magoti kandokando ya wale waliolala. Mtangazaji aliteremsha kipaza sauti bila kuambiwa.

"Lala," Mheshimiwa alinong'ona.

"Bado kidogo, mzee," Yoramu alisema. "Wanaanza."

"Tindwa, simamisha."

Bwana Tindwa alichuchumaa upande wa pili wa kamba. "Mheshimiwa, tukisimamisha sasa itahesabika sare."

"Sare na nani?"

"Na bwana harusi."

Mheshimiwa alitafakari jinsi ambavyo hilo lingesomeka kwenye magazeti. Akabaki alipo.

"Moja," mwamuzi alisema. "Mbili." Bega likainuka tena.

Mzee wa kanisa aliinama. "Perusi, unamtambua huyu?"

Perusi alitazama kwa nafasi, kama desturi inavyotaka. Jasho lilikuwa likimtiririka Yoramu kuingia machoni, shingo imemvimba, begani amebeba uzito wa wizara nzima, lakini macho hayakwenda dirishani wala popote.

"Namtambua."

"Yoramu, unamtambua huyu?"

"Namtambua."

"Na mimi?" Mheshimiwa aliuliza, kwa sababu mtu mkubwa hapendi kurukwa.

"Wewe ni shahidi, Mheshimiwa," mzee wa kanisa alisema. "Tulia, baba, unambana pumzi."

"Moja. Mbili." Bega likainuka, safari hii polepole, likitetemeka. Watu elfu sita walikuwa wamesimama, na wengi walikuwa wakiliinua na wao, kila mtu bega lake. Mchungaji hakukohoa. Yoramu alisema ahadi zake zote kwa sauti yake ya dukani, pumzi kwa pumzi, na hakuna aliyemwomba arudie. Kisha zamu ikawa ya Perusi. Mwamuzi alikuwa ameshasema mbili, mkono umebaki hewani, na macho yake yakamwomba bibi harusi asichelewe.

Perusi hakuwa na karatasi. Alimshika Yoramu uso kwa mikono yote miwili.

"Mimi Perusi," alisema, na spika nne za uwanja zikalirudia jina lake, "mbele ya Mungu, mbele ya Mheshimiwa Waziri aliyelala hapa, na mbele yenu nyote, nakupokea wewe Yoramu uwe mume wangu, katika raha na katika shida, katika afya na katika ugonjwa. Na ninaahidi kwamba nyumbani kwangu utakaa na uso wako, mchana na usiku. Akija afisa kuuliza mlangoni, nitamwambia ukweli mtupu: kwamba sisi humu ndani tunashindana kila siku, kwa kupendana na kwa kusameheana, na mwamuzi wetu hajasema tatu, wala hataisema mpaka kifo kitutenganishe."